Unywele, Karatasi ya Sigara na Sharubu la Mbu

Ukimwambia Norris Entwistle kwamba fulani ameshinda kwa unywele, usidhani mazungumzo yameishia hapo. Atakuuliza unywele gani, wa kichwani au wa mkononi, na nani aliupima. Na kama ulikusudia karatasi ya sigara, kwa nini hukusema karatasi ya sigara?

Kwa watu wengine wa mji wake wa Padiham maneno haya yote ni mamoja. Timu ikifungwa dakika ya mwisho, imefungwa kwa unywele, au kwa karatasi ya sigara, au kwa sharubu la mbu, lolote litakalotangulia mdomoni. Ni kama sisi na chupuchupu yetu. Norris hataki kusikia upuuzi huo. Alikereza vyuma miaka arobaini na mmoja kwenye karakana kando ya mfereji, na mle ndani kila neno lilikuwa na ukubwa wake. Gawa inchi moja mara elfu: unywele ulikuwa vipande vitatu, karatasi ya kusokotea sigara kipande kimoja. Hiyo karatasi waliitumia kweli, wakiichomeka kati ya kisu cha mashine na chuma ili kujua kisu kimefika. Chini yake kulikuwa na sharubu la mbu, ambalo hakuna aliyewahi kulipima, lakini hakuna pia aliyebisha kwamba ni jembamba kuliko karatasi. Fundi aliyesema unywele akimaanisha karatasi aliharibu kazi ya siku nzima na kuchekwa mwezi mzima.

Karakana ilifungwa, siku hizi ni duka la mazulia. Norris akayahamishia maneno yake kwenye klabu ya tufe, kule juu nyuma ya kanisa. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuucheza: unaviringisha tufe dogo la manjano kwenye nyasi, kisha kila mchezaji anaviringisha yake mawili, na lililo karibu zaidi na la manjano ndilo lenye pointi. Macho yakishindwa kuamua, anaitwa Norris. Anapiga magoti na kalipa lake, kipimo cha chuma chenye ncha mbili, naye anatoa hukumu kwa neno lake kamili. Mwaka mmoja gazeti la mji liliandika "unywele" mahali alipotangaza karatasi ya sigara. Aliwaandikia barua ya kurasa mbili, wakachapa mistari minne chini ya tangazo la paka aliyepotea. Mistari hiyo ameibandika chooni kwake, na mgeni yeyote anayekwenda haja anatoka ameelimika.

Mtu pekee asiyemcheka ni mkewe, Doreen, na ana sababu. Kuna kikombe kimoja tu alichowahi kukitaka maishani, kile cha wanawake cha mwezi wa Agosti. Mwaka 1996 alifika fainali akakikosa kwa unywele, na aliyeupima unywele huo ni mumewe. Hakumsemesha siku tisa. Siku ya kumi alimwambia chai yake imepoa, wakaendelea na ndoa.

Sasa ana miaka sabini na miwili, na goti la kulia limekwisha. Alikuwa amepangiwa upasuaji wa Oktoba, na alishatangaza mbele ya klabu nzima kwamba msimu huu ndio wa mwisho, kikombe kije kisije. Kilikuja mpaka mlangoni. Jumamosi ya fainali alifungana na Thelma Haworth, muuza maua mstaafu mwenye mdomo, ishirini kwa ishirini, na wa kwanza kufika ishirini na moja ndiye mshindi. Yalipotulia matufe ya mwisho, la Doreen lilikuwa upande mmoja wa lile la manjano, la Thelma upande wa pili, na macho ya klabu nzima hayakuona tofauti.

"Nani wa kupima?" akauliza katibu, Bwana Clegg. "Maana Norris hapa ni mume wa mtu."

"Apime huyohuyo," akasema Thelma. "Mwanamume aliyemnyima mkewe kikombe, mimi namwamini kuliko mchungaji."

"Umesikia," akasema Doreen. "Shuka chini, mzee, pai zinapoa."

Norris akashuka. Akalifungua kalipa kati ya la manjano na tufe la Thelma, likagusa. Akaligeuzia la Doreen, likagusa. Angeweza kuishia hapo. Yakiwa sawa, wanaviringisha upya, na mkewe anapata nafasi nyingine. Alimpenda, na alitaka akipate kikombe hicho kuliko yeye mwenyewe alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Sawa," akasema.

Doreen akaegemea uzio, mkono gotini. "Sawa ya duka la mazulia," akauliza, "au sawa ya karakana?"

Norris alimnyooshea mkono Clegg, ambaye bado husokota sigara zake mwenyewe, akapewa karatasi moja. Akaichomeka kati ya ncha ya kalipa na tufe la Thelma, ikagoma kuingia. Akaenda upande wa pili, akitamani igome na huko. Ikapita.

Alichukua muda kusimama, na si kwa sababu ya magoti tu.

"Thelma," akasema. "Kwa karatasi ya sigara."

Thelma alipewa kikombe chake, akakibusu. Norris akakusanya matufe ya mkewe akayatia kwenye mfuko wake wa turubai. Walishuka kilima polepole, yeye kabeba mfuko, Doreen kamshika mkono kwa sababu ya goti. Norris alikuwa anahesabu siku tisa nyingine za kununiwa. Walipita kanisa, wakapita duka la samaki na chipsi.

Kwenye kona ya mtaa wao Doreen akasimama.

"Ile ya mwaka tisini na sita. Ilikuwa unywele?"

"Unywele," akasema Norris. "Unywele kamili."

"Na ya leo ni karatasi."

"Ya leo ni karatasi, mama."

Doreen akatazama njia waliyotoka, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayepiga hesabu.

"Basi nasogea," akasema. "Mpigie daktari Jumatatu, mwambie goti hili liwe zima kabla ya Agosti ya mwakani. Limebaki sharubu la mbu tu."