Springi ya Marehemu

Mwenzangu wa doria alipofariki, bunduki yake ilirudishwa ghalani ikaegemezwa ukutani. Sisi ni askari wa wanyama, huku vilima vya Shimba, na kazi yetu kubwa ni kufyatua risasi hewani ili tembo watoke mashambani mwa watu. Mtutu wangu ulikuwa umechakaa. Mkubwa akaamuru nifungiwe sehemu ya juu ya bunduki ya marehemu, ile yenye mtutu mfupi.

Fundi wetu wa silaha, mtu wa Bodo, hakupendezwa hata kidogo. Ndani ya kitako mna springi na kipande cha chuma kizito. Risasi ikitoka, viwili hivyo hupokea kishindo, kisha huisukuma risasi nyingine mahali pake. Mtutu mfupi una springi yake na chuma chake, na ilipasa vihame pamoja nao.

"Mtutu nitautoa, maana ni amri," alisema. "Lakini kitako hiki kimelalia bega la marehemu. Sikifungui mpaka arobaini ipite. Tumia springi yako, inshallah itakubali."

Nami niliona sawa. Nani angetaka kupekua kifua cha mtu ambaye hata kaburi lake halijakauka? Risasi za kujaribia hazikuwapo, basi tukaamini tu.

Arobaini haijafika, nikaitwa kwa bibi mmoja aliye peke yake ukingoni mwa msitu. Nilikwenda mwenyewe, kwani sikuwa nimepewa mwenzangu mwingine. Tembo dume alikuwa amesimama kwenye mahindi, hatua chache kutoka jikoni, na bibi yumo ndani. Jua lilikuwa bado linawaka. Nikafyatua hewani. Tembo akageuka, akanijia mimi. Nikafyatua tena, kimya. Risasi ya pili ilikuwa imekwama njiani.

Hapo nikasikia, upande wa kushoto, ulimi ukigongwa kaakaani mara mbili. Ndivyo marehemu alivyokuwa akiniita porini tusiwashtue wanyama, na maana yake ilikuwa moja tu: njoo huku. Nikaenda. Tembo akapita pale pale nilipokuwa nimesimama, akavunja ua, akatokomea msituni. Nilipotazama kushoto niliona mahindi tu, na hakuna jani lililotikisika.

Bibi akatoka na kata ya maji. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na mwenzio yule mbona haji kunywa?"

Nilikunywa maji yote.

Arobaini ilipopita fundi alisema bismillahi, akafungua kitako cha marehemu, akahamishia springi na chuma chake kwenye bunduki yangu. Safari hii risasi za kujaribia zilipatikana, zikatoka zote bila kusita. "Sasa imetulia," akasema, akacheka. Nilicheka naye, ingawa moyo wangu haukuwa pale.

Juzi dume yule alirudi kwa bibi. Nilifyatua mara tatu, bunduki ikaitika mara tatu, naye akaondoka zake. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini sikuondoka. Nilisimama katikati ya mahindi, nikagonga ulimi kaakaani mara mbili, nikatega sikio. Nikagonga tena. Hakuna aliyeniitikia.