Njuga za Mtunzi Wetu wa Ntalikwa

Mtunzi wetu alipokufa, sikuanza kwa kulia. Nilianza kwa kuogopa. Wanaume wazima wa Ntalikwa walikuwa wanapita njiani wakijifuta macho kwa kiganja, na mimi nimekaa jikoni namkodolea macho mume wangu kama mtu aliyesikia moto umeshika nyumba ya jirani.

Zama zile za Mwingereza, watu wa kwetu walilima kwa vikundi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kila kikundi kilikuwa na manju, yaani mtunzi wa nyimbo, ambaye hufunga njuga miguuni na kuimba mbele ya majembe. Vikundi vilishindana, na aliyeshinda hakulala salama, kwa sababu aliyeshindwa alikuwa na waganga wake. Ndivyo tulivyoamini. Mtunzi wetu alikwenda kushindana ng'ambo ya reli, akashinda, akarudi na homa, na wiki haikwisha tukamzika. Daktari wa mjini angesema ni malaria, na leo ningemkubalia. Wakati ule nilijua kabisa kwamba ametengenezwa kwa uchawi, na kwamba atakayevaa njuga zake atatengenezwa vilevile. Tulikuwa Wakatoliki, Jumapili hatukosi misa, lakini hofu hiyo padri hakuwahi kuifikia.

Sasa, mume wangu ndiye aliyekuwa mwitikiaji wake. Miaka yote walilima bega kwa bega, mmoja akianzisha, mwenzake akipokea. Hakuna aliyezijua nyimbo za marehemu kama yeye.

"Siku ya shamba utakaa kimya," nilimwambia.

"Nitakaa kimya."

"Una mtoto mchanga, baba."

"Nimesikia, mama. Nimesema nitakaa kimya."

Nilimwamini nusu. Mtu huwezi kumfunga koo.

Shamba lenyewe lilikuwa la mjane. Desturi ilikuwa hivi: siku ya kumaliza matanga, kikundi kizima kinalima shamba la marehemu na kuziimba nyimbo zake zote, bila mtu kuongoza. Wimbo ukikwama, majembe yanasimama. Atakayeuvusha ndiye mrithi wa njuga. Asipopatikana mtu, majembe yanawekwa chini, na wimbo huo ni wa marehemu, hauimbwi tena na yeyote, hata mama hambembelezi nao mtoto wake.

Tukaenda. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha udongo. Mimi nilikuwa mstari wa wanawake, mtoto mgongoni, na mume wangu hatua chache mbele yangu, mdomo ameufunga kama aliyeambiwa ana harufu. Nyimbo zikapita moja baada ya moja. Watu walikuwa wanalia na kulima, kamasi na jasho havijulikani. Kila wimbo ulipofika mwisho salama nilishusha pumzi.

Mwisho ukaanzishwa ule wa mpagazi. Huo ulikuwa wa zamani, marehemu aliupokea tu kwa waliomtangulia, na sote tulikua nao. Njia ya zamani ya misafara ilipita kando ya mashamba yetu, na babu zetu waliondokea hapo na mizigo kichwani kwenda pwani, wengine hawakurudi. Mama yangu aliuimba akisaga mtama, mimi nikiwa nimelala kwenye miguu yake. Mpagazi anamwambia mwanawe: usilale, mwanangu, vumbi lile ni mimi. Nilipokuwa mdogo sikulala kweli, nikilisubiri vumbi la mtu ambaye hata hakuwa baba yangu.

Tukafika ubeti wa mwisho, na majembe yakasimama.

Ubeti huo marehemu alikuwa ameutunga upya msimu ule ule. Alikuwa ametutangazia kwamba ule wa zamani hauimbwi tena, ila huo mpya alikuwa bado hajauimba mbele ya watu. Mume wangu aliusikia walipokuwa wawili tu shambani, akawa anauimba chini chini nyumbani akichonga mipini, nami nikaushika bila kutaka. Mzee aliyeshika njuga, mjomba wa marehemu, akatutazama mmoja mmoja. Mjane hakumtazama mtu. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akainama kuliweka jembe lake chini, na nikaona shingo ya mume wangu inacheza. Alikuwa anakwenda kuimba. Nilimjua, asingeweza kuuacha.

Mtoto akaamka mgongoni. Nilifikiri jambo moja tu, kwamba kama njuga hizo lazima zije nyumbani kwetu, basi zije kwangu. Nikaimba kabla yake: kama vumbi si mimi, mpe maji huyo aliyekuja. Sauti ilitoka nyembamba, ya kukwaruza, lakini ilifika mwisho. Majembe yakashuka.

Wanawake waliowahi kuwa manju walikuwapo, wachache, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Mzee alipiga magoti akanifunga njuga, na kila nilipotetemeka zililia, nami nikaona aibu kwa sababu watu wote walikuwa wanaisikia hofu yangu. Mjane alinishika mikono miwili akasema, "Asante, mwanangu."

Ikaletwa pombe ya mtama, kibuyu cha kwanza cha manju mpya. Kililetwa na mtu ambaye sikumfahamu, mgeni kati ya wageni wa matanga, huenda wa ng'ambo ya reli. Nikanyoosha mkono. Mume wangu akakichukua kabla yangu, mbele ya wazee, jambo lisilofanywa, akanywa mpaka nusu, akajifuta mdomo.

"Ngoja kidogo," akaniambia.

Akakaa chini kwenye udongo uliolimwa, kibuyu amekipakata, nami nikakaa karibu yake nikimtazama usoni. Tukangoja kuona kama atakufa.