Mama Kiti na Mlima wa Kushoto

Kisiwani kile boti haikuwahi kugusa nchi kavu. Maji ya pwani yalikuwa mafupi na mawe yamejaa chini, kwa hiyo boti ilitia nanga mbali kidogo, na mgeni, awe hakimu awe muuza sindano, alibebwa. Ndiyo kazi iliyomlisha Mama Kiti na wanawe tangu mumewe alipofariki, na msidhani aliifanya kwa kununa. Alikuwa mwanamke wa kucheka, mwenye mapaja kama nguzo, na akiingia majini asubuhi alijiona ameingia sebuleni kwake.

Wabebaji wengine walimbeba mgeni mgongoni kama mtoto, mikono yake imewakaba shingo. Mama Kiti alikataa tangu siku ya kwanza. Alisema hana haja ya mwanamume wa kumpumulia kisogoni kabla hawajajuana hata majina. Akachukua kiti cha marehemu mumewe, akakikata miguu, akakifunga mikanda, akakivaa mgongoni kama mkoba. Mgeni alikaa mgongo kwa mgongo na yeye, uso wake umeelekea kwenye boti aliyotoka, akaletwa nchi kavu kinyumenyume kama kabati. Sharti lilikuwa moja tu: usicheke. Ukicheka kiti kinayumba, na kikiyumba mnaoga wote wawili.

Aliyekisimanga zaidi kiti hicho alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, jitu la mtu, ambaye kazini walimwita Farasi. Alisema mgeni si gunia, na kwamba yeye hawezi kukaa kwenye kitu kile hata aahidiwe ufalme. Mama Kiti naye alimjibu kwamba farasi hakai kitini, anakaliwa. Walipendana kindugu na kugombana kindugu, na mboga ikipikwa kwa mmoja, bakuli lilifika kwa mwingine.

Ugomvi wao mkubwa ulihusu mtu mmoja. Zamani, watoto wa Mama Kiti wakiwa bado wanatambaa, alipita mwandishi mashuhuri aliyekuwa akizunguka nyanda za juu na visiwa vya mbali ili aviandikie kitabu. Alifika siku ya mvua ya kumwagika, yeye na rafiki yake, wote wanene, wote wamejifunika makoti hadi puani. Mama Kiti akambeba mmoja, Farasi akambeba mwingine. Kulipokucha wakavuka mlima kwa miguu, wakaondokea upande wa pili wa kisiwa. Baadaye ndipo watu walipopata habari kwamba mmoja wa wale wawili alikuwa mtu mkubwa. Sasa yupi? Mama Kiti aliapa ni wa kwake, maana aliongea njia nzima. Farasi aliapa ni wa kwake, maana hakufungua mdomo, na mtu wa kuandika, alisema, hatapanyi maneno ovyo.

Basi wakabishana. Walibishana harusini, walibishana kwenye foleni ya maji, mpaka mvi zikawaota. Wengi walimwamini Farasi kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake, kana kwamba watu mashuhuri hupangiwa migongo kwa kipimo. Mama Kiti alicheka nao, lakini ilimuuma. Alikuwa amebeba nusu ya dunia, na yule mmoja aliyekuwa na maana kwake walimnyang'anya hivihivi.

Mwisho wa yote likajengwa gati la zege. Kabla halijafunguliwa ikaja habari kwamba kikundi cha wasomaji wa kile kitabu kinapita alikopita mwandishi, mlima kwa mlima, kisiwa kwa kisiwa. Mkuu wao, bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliomba kubebwa na mtu yuleyule aliyembeba mwandishi. Angekuwa mgeni wa mwisho kubebwa kisiwani pale. Jamani, Mama Kiti aliitaka safari ile mpaka usingizi ukamkimbia! Kutwa alizunguka nyumba na kiti mgongoni, wajukuu wakipanda kwa zamu, wameziba midomo wasicheke.

Wageni walikuwa wametanguliza nakala ya kitabu, ikakubaliwa kwamba kisomwe darasani, mbele ya watu wote, kiamue. Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji akakohoa, akasoma: "Nililetwa pwani juu ya mgongo wa mtu ambaye sikumwona uso kwa mvua. Mlima mrefu ulikuwa mkono wangu wa kushoto, umeingiza mguu wake baharini." Basi. Hakuna jina, hakuna kiti, hakuna farasi.

Darasa likalipuka. Mlima wa kushoto? Ukiingia kisiwani mlima uko kulia, hata mtoto mchanga anajua. Mwalimu mkuu akasema labda mwandishi alisahau. Mwingine akasema labda hakufika kabisa, alikisikia tu kisiwa chetu huko barani akakitungia. Hapo moyo wa Mama Kiti ukaporomoka. Kukosana na Farasi alikuwa amezoea, lakini kuambiwa kwamba mtu mwenyewe hakuwepo! Alisema kwa sauti ndogo kwamba alimbeba, anajua alimbeba.

Farasi alikuwa anatafuna njiti ya kiberiti. Mara akainuka akatoka, akashuka hadi ufukweni, na watu wakamfuata kwa udaku wao. Akasimama kwenye maji ameelekea kijijini, akanyoosha mkono wa kulia kwenye mlima. Kisha akageuka taratibu, akaipa nchi mgongo, akatazama bahari. Akanyoosha mkono tena. Safari hii ulikuwa wa kushoto.

Angeweza kunyamaza. Wala Mama Kiti mwenyewe hakuwa amelifikiria hilo, kwa maana hajawahi hata siku moja kukalia kiti chake mwenyewe.

"Shemeji," Farasi akasema, "wageni wangu wote waliuona mlima kulia. Huyu alikaa kwako."

Mama Kiti alilia, akacheka, akamvuta shemeji yake kofia mpaka machoni. Halafu akakimbia nyumbani kukaza mikanda.

Siku yenyewe alimleta yule bibi mkavu kabisa, bibi wa watu kajiziba mdomo kwa mikono miwili njia nzima. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni kikipiga makofi. Makofi yalipoisha, Mama Kiti akaanza kufungua mikanda, na Farasi akaanza kumzunguka. Mara amuulize kama amechoka, mara asifie mbao za kiti. Kisebusebu na kiroho papo! Mwishowe akainamisha kichwa.

"Nibebe na mimi, shemeji. Nataka nione."

Uzee ulikuwa umempunguza, lakini bado alikuwa mzigo. Mama Kiti akamsogelea kinyumenyume, akamchukua, akaenda naye hadi kwenye boti, akageuza. Wakarudi polepole, maji yakimfika Mama Kiti mapajani. Farasi akautazama mlima.

"Kumbe," alisema, "miaka yote hii wageni wako walikuwa wanaitazama boti yao ikibaki nyuma, na mlima ule umekaa upande wa moyo."

"Na wewe ulisema mgeni si gunia," Mama Kiti akasema.

"Nilikuwa na wivu, shemeji. Kila aliyeshuka kwako alishuka anatabasamu."

Mama Kiti akahisi kicheko kinampanda. Akakaza meno, akakumbuka sharti lake, akapiga hatua moja, na nyingine. Halafu akacheka, yeye mwenyewe aliyekataza, kiti kikayumba, na wote wawili wakaenda majini na nguo zao za sherehe.