Kimya cha Mama wa Tano

Mjukuu wangu anasomea udaktari. Si ule wa sindano. Ni udaktari wa vitabu, pale chuo kikuu cha Kabianga, na habari hiyo niliitangaza kanisani, sokoni na kwa fundi wa cherehani, hata kwa mtu wa boda ambaye hakuniuliza. Mimi niliishia darasa la tatu. Yeye nilimlea tangu alipoachishwa ziwa, kwa uji wa wimbi na mursik, maziwa yetu ya kulala kibuyuni, kwa hivyo kama kichwa chake kina kitu, kitu hicho kilipitia sufuria yangu kwanza.

Mwaka jana alikuja nyumbani na begi, akasema anakusanya hadithi za wanawake waliochuma majani chai zamani.

"Unahesabu kilo?" nikamuuliza.

"Hapana, Kogo," akasema, ndivyo tunavyomwita nyanya. "Wa kuhesabu ni wengine. Sisi tunasikiliza. Mtu anaongea, mashine inanasa, halafu naandika kila neno, hata kikohozi."

Nikajua amenijia mimi. Nani mwingine hapa Boito? Nikatoa kibuyu cha mursik kilichokaa vizuri, nikajifunga kitambaa cha kichwa nilichovaa siku ya harusi ya mama yake, nikaketi wima kama mtu anayepigwa picha. Msichana akanywa, akapangusa mdomo, akachukua kamashine kake. Akapita mlangoni, akapita ng'ombe, akafungua geti, akaingia kwa jirani.

Kwa jirani!

Huyo mwanamke alivuka mpaka pale Chepilat akiwa msichana, akitoka kwao Kisii, akaja kuchuma majani kwa kampuni mahali nilipokuwa nikichuma mimi. Baadaye yeye na mzee wake wakanunua kipande cha shamba kando yetu. Tumezeeka na ua mmoja katikati. Kipsigis chake ni cha kuchekesha, Kikisii mimi sikijui, kwa hivyo tangu ujana tumegombana na kupatana kwa Kiswahili hiki tu.

Nilisubiri nyuma ya dirisha. Chai ya kwanza ikaingia kwake, ya pili, mahindi ya kuchoma. Nilisikia msichana wangu akicheka kule, kicheko ambacho mimi hajanichekea tangu aanze hayo masomo.

Kesho yake jirani akaniita uani.

"Mama, nimesaini," akasema, akinionyesha kidole kama bado kina wino. "Jina langu halitaandikwa. Nitaitwa Mama wa Tano. Na wewe umeitwa nani?"

"Mimi naitwa nyanya yake."

"Ah. Hiyo haiko kwa karatasi."

Nilimkalia msichana jioni hiyo. Akasema mwalimu wao alimkataza kuniuliza mimi. "Wewe ni wangu, Kogo. Nikikuuliza, utaniambia yale unayotaka nijue."

Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli.

Akarudi kwa jirani mara ya pili. Akarudi mara ya tatu. Wiki hiyo maziwa yangu yalinuka moshi, kuku wangu wakanitagia mayai vichakani, kila kitu kilinichukia. Asubuhi moja alitandaza karatasi mezani, amezichora kwa kalamu za rangi, kijani kwa mambo ya kazi, nyekundu kwa mambo ya uchungu. Alipotoka kujibu simu, nikasogea. Nasoma polepole, lakini nasoma. Juu iliandikwa Mama wa Tano. Chini yake:

*Uliwahi kurudishiwa majani? — Mara moja tu. — Ilikuwaje?*

Halafu, ndani ya sanduku jekundu: *Kimya kirefu.*

Nikaweka kidole juu ya sanduku hilo.

Msichana akaingia, akazikumbatia karatasi kama mtu anayeokoa nguo mvua ikija. "Kogo! Hizi ni siri za watu!"

"Hapo alinyamaza kwa nini?"

"Sijui. Tumefundishwa ukiuliza, nyamaza, mwenye maneno atajaza. Yeye hakujaza. Nimerudi mara mbili kwa sababu ya hapo tu."

Nilijua kwa nini. Wakati ule mikono ya huyo mwanamke ilidonoa chai kama kuku wawili wenye njaa. Nyapara alimsifu kila siku, mbele yangu, mimi niliyezaliwa katika vilima hivi. Sasa, shambani tulikuwa na sheria yetu. Ukienda kichakani kujisaidia, unamwachia kikapu yule wa mstari wa pili, na ukimwachia kikapu ni kama umemwachia mtoto. Siku moja aliniachia chake. Nikatumbukiza ndani konzi tatu za majani makuukuu, magumu kama ngozi, nikafunika juu na laini. Karani alipomwaga kikapu mezani, alimfokea mbele ya watu wote, akamrudishia majani yake yote. Alienda kuyamwaga mtaroni, mtoto mgongoni. Mimi nilisimama kwa mstari nikiangalia mbele.

Sikuwahi kusema. Nilidhani hakujua.

Nikaenda kwake. Alikuwa anapepeta maharagwe.

"Msichana alikuuliza juu ya majani yaliyorudi," nikasema.

"Aliuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mara moja. Akauliza ilikuwaje. Nikanyamaza, na yeye akanyamaza. Ai, wamefundishwa! Tulinyamaza mpaka chai ikashika utando. Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, akakunja mashine." Akacheka, meno mawili mbele. "Nilimshinda daktari wako."

"Ulijua?"

Alipuliza makapi kwanza. "Mimi nilikuachia kikapu wewe tu, mama. Sasa nimwambie nini? Kwamba nyanya yake aliniibia kazi ya siku nzima? Nenda nyumbani, ng'ombe wako wanalia."

Ningemshukuru. Mtu mzuri angeshukuru. Lakini nawaambia ukweli, nilivuka ua ule nikimwonea wivu kuliko siku zote. Mikono alinishinda, karatasi alinishinda, na sasa hata moyo.

Msichana alikuwa barazani, amemimina chai. Nikaketi mbele yake. "Pale kwa sanduku jekundu," nikasema, "mimi najua kuna nini."

Mkono wake ukaenda kwa mashine, halafu ukarudi. "Kogo, ya kwako siwezi kuandika."

"Usiandike."

Akaweka kalamu chini. Akaniangalia, akanyamaza. Kule kunyamaza kwao. Nikasema moyoni, na mimi nitakaa, kama yule, chai ishike utando. Nikaangalia ng'ombe. Nikaangalia vidole vyangu. Chai haikuwa imepoa hata kidogo, na kinywa changu tayari kilikuwa kimefika kwa konzi ya tatu.