Kompyuta Iliyoanza Kuuliza

Mimi si mtu wa kutishwa na mashine. Lakini asubuhi ile, mwishoni mwa miaka ya tisini, kompyuta ya ofisi yetu mjini Nyeri iliponidai maneno ya siri, niliiogopa. Ofisi ilikuwa ndogo, ya kanisa, na ilikusanya ushuhuda wa watu walioumizwa na polisi. Barua pepe zetu kwenda Nairobi zilifungwa kwa ufunguo wa siri, hata ile iliyotaja alikofichwa mama mmoja aliyeshuhudia mwanawe akiuawa. Alikuwa kijijini Giakanja, kwa dada yake. Mimi ndiye niliyempeleka.

Tangu tuwekewe kompyuta, haikuwahi kuniuliza chochote. Nilikuwa nabonyeza tu, barua inafunguka. Sasa programu mpya ilikuwa imewekwa jana yake, na kidirisha kilikuwa kinadai maneno yangu. Nikikifunga, kinarudi. Niliamini kuna mtu humo anayengoja niandike ayaibe. Niliung'oa waya wa simu ukutani, kisha ikabidi niurudishe ili nimpigie fundi.

Fundi alikuwa kijana mpole wa mtaa wa Skuta. Nilimsimamia kichwani kama mama mkwe.

"Madam, ile programu ya zamani ilikuwa inakuuliza?"

"Haijawahi."

Akafungua faili ambalo mashine husoma kila inapowashwa, akasoma kwa sauti: "Ng'ombe ya nyanya inakataa kukamuliwa mvua ikinyesha."

Nilihisi nimevuliwa nguo. Maneno yangu hayo ya siri hata mume wangu hakuyajua. Nikamkumbuka fundi wa kwanza, aliyeniambia niyaandike mara moja tu na kompyuta haitanisumbua tena, halafu kwa adabu zake akageuka kutazama ukuta. Kumbe nilikuwa nayaandika humo.

"Hii mpya haisomi hapo, ndio maana inauliza," kijana akasema. "Hiyo ni kawaida, usiogope. Shida ni ile ya zamani. Mtu yeyote angekaa hapa angesoma kila kitu."

Nikakitazama kiti. Wiki iliyotangulia nilimwacha hapo mzee mmoja, kofia ya kahawia mapajani, nikaenda kumtafutia cheti cha ubatizo kwa padri. Niliporudi alikuwa ameondoka, nami nikalaumu watu wasio na subira.

Sikungoja fundi amalize. Giakanja nilimkuta mama akimenya viazi nje, na kwa hofu hata salamu ilinishinda.

"Kuna mtu amekuja hapa?"

"Ni ule mzee yako tu, wa kofia," akasema, akiendelea kumenya. "Alikuja jana. Ati wewe ndio ulimtuma aone kama niko sawa. Si nilimwambia akushukuru? Alisema atarudi leo."

Nilimnyang'anya kisu, nikamwambia avae viatu.