Mashine ya Pumzi Ukweni

Nikilala, Chumbageni nzima ilikuwa inajua. Mke wangu alisema mabati ya jirani yalianza kuachia misumari kwa ajili yangu, nami siku zote nilimbishia, maana nani amewahi kujisikia akikoroma? Lakini kilichomtisha hakikuwa makelele. Ni pale yalipokatika ghafla, kimya, pumzi hakuna, akanipiga kiwiko mpaka nikashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Masomo yangu ya jioni niliyamaliza hivyo hivyo, nusu macho nusu usingizi. Jiografia nadhani niliisoma yote nikiota.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mhudumu wa hospitali Maskati. Nilikwenda kumtembelea miaka ile milango ya bidhaa ilipofunguliwa na kila aliyesafiri akawa anarudi na redio. Kulala nami chumba kimoja mara moja tu kulimtosha. Asubuhi akaniburuta kwa daktari. Wenzangu walirudi Tanga na runinga, mimi nikarudi na mashine ya kunipumulisha: sanduku zito kama cherehani, bomba kama mkonga wa tembo mtoto, na pua ya mpira ya kufunga usoni kwa mikanda. Daktari alinionya nisilale hata usiku mmoja bila hiyo.

Alikuwa hajasikia habari za mgao wetu wa umeme.

Usiku ambao kwetu Chumbageni giza, mtaa wa Usagara taa zinawaka. Na huko Usagara nyumba niliyokuwa na haki nayo ni moja tu, ya mama mkwe wangu, mjane aliyekaa peke yake.

"Nenda kalale kwa mama," mke wangu akasema.

"Una akili wewe? Mkwe akalale ukweni, tena na mkonga usoni?"

Mama huyu, tangu nimuoe binti yake, nilikuwa namwamkia nikitazama vidole vya miguu yangu. Sijawahi hata kutafuna mbele yake.

"Basi baki hapa ufe kwa adabu," mke wangu akajibu.

Nikaenda. Nikapewa chumba cha mbele chenye pazia badala ya mlango. Nikachomeka mashine kwenye umeme, nikaiweka mapajani, mkono ukakataa kuiwasha. Ingevuma, mama angeisikia, angechungulia. Nilikaa macho mpaka alfajiri kama mlinzi wa benki, nikatoka kabla hajaamka. Kila zamu ya giza ikawa hivyo. Kazini nikawa nalala nimesimama. Siku moja nililala juu ya baiskeli mpaka nikaingia nayo ndani ya duka la watu, nikauliza bei ya sukari kuficha aibu.

Alasiri moja tukasikia mgao umepoa, nikapita Usagara kuchukua sanduku langu, nililoliacha huko alfajiri ile kwa uzito wake. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, ndani kunavuma. Nikafunua pazia.

Mama mkwe amekaa kitandani, kanga mabegani, pua yangu ya mpira ameishika usoni kwa mikono miwili, macho amefumba kama anayeonja mchuzi. Aliponiona akafungua mdomo aseme neno, na upepo wote uliokuwa unaingia puani ukatokea kinywani. "Astaghafirulahi" yake ikatoka vipande vipande, kama redio isiyoshika stesheni. Nikageukia ukutani, nikarudi kinyumenyume nikipapasa swichi, nikazima.

"Usigeuke kwanza," akasema. Nikasikia kanga inavutwa. "Huu upepo unatoka wapi?"

"Humu humu chumbani, mama. Mashine inauvuta na kuusukuma, ili koo lisizibe."

"Kumbe! Safari yote ile ya Maskati, kumbe unapuliziwa upepo wa nyumba yangu?"

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Naye akacheka.

"Binti yangu aliniambia usiku pumzi inakukatika. Nikawa nakaa nyuma ya pazia nisikilize hiyo mashine. Sisikii kitu. Nikajua umekaa macho kwa ajili yangu. Nikataka kujua, ni kitu gani hicho hata mtu akionee haya kuliko kufa?"

"Na umekionaje, mama?"

"Kinatekenya pua. Sasa umeniona nacho usoni, mimi mkweo. Kama ni aibu, yangu imeizidi yako. Giza likirudi kwenu, uje, uwashe, ulale."

Lilirudi kesho yake. Niliwasha. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limefika kitandani na harufu ya vitumbua inatoka uani. Mimi, mkwe mzima, nimekutwa na jua ukweni! Nikasalimu nikiwa nyuma ya pazia, mikanda imenichora mashavuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniachia upepo hata wa kuchochea moto?"