Mama wa Mtoto Anayeuma

Mlezi alinikaribisha nikae kwenye kiti cha watoto, magoti yakanikaribia kidevu. Pale kwenye kituo cha kulelea watoto, mtaani Izia, kila mzazi huitwa apange pamoja na mlezi jambo ambalo mtoto wake atasaidiwa muhula huo. Mama aliyetoka kabla yangu alikuwa akicheka. Wa kwake atajifunza kufunga vifungo vya sweta. Binti yangu anauma wenzake.

"Si mkorofi, mama," mlezi alisema. "Nimemwangalia. Akinyang'anywa kitu hana neno la kumzuia mwenzake, basi anatumia meno."

Niliangalia sakafu. Angenigombeza ningejitetea, lakini upole wake ulinimaliza. Aliuliza nyumbani tunaongea lugha gani. Nikasema bibi yake Kifipa, mimi niliyekuja kutoka Mbeya Kiswahili, baba yake anachanganya.

"Endeleeni hivyo hivyo. Ila muhula huu tumfundishe jambo moja tu, kusema sitaki. Hapa na nyumbani, watu wote."

Watu wote maana yake na mama mkwe, ambaye nilikuwa nimemwambia mjukuu wake anasifiwa sana kituoni. Nilimkuta uani anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilipomaliza kueleza, aliweka ungo chini. "Mtoto amwambie mtu mzima sitaki? Watasema hatujamlea."

Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa mimi pia. Lakini jioni ile nilimkuta jikoni, anamnyooshea mtoto kijiko na kukivuta, anamnyooshea na kukivuta, huku akimwambia, "Sema sitaki. Sema, mama."

Jumapili moja baada ya Misa, mzee mmoja wa jumuiya yetu aliinama amnyanyue. Binti yangu akapiga kelele, "Sitaki!" Waumini wakageuka. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana mdomoni.

"Amesema hataki," mama mkwe alimwambia yule mzee. "Mwache tu." Hakunitazama. Alikaza kanga yake, akatangulia njiani, na mimi nikamfuata kama niliyekemewa.

Siku zote hizo nilikuwa nawahi kumchukua binti yangu, nisikutane na mama wa mtoto wa kiume ambaye binti yangu humuuma zaidi. Niliwahi kuona alama kwenye mkono wa yule mtoto, nikajifanya natafuta viatu. Siku niliyochelewa kwa sababu ya mvua, nilimkuta mama huyo amejikinga barazani, mwanawe mgongoni. Hapakuwa na pa kupitia.

"Pole," nilimwambia. "Mimi ndiye mama wa yule anayeuma."

"Nakufahamu. Ndiye unayeondoka mapema." Akampandisha mwanawe mgongoni. "Nilidhani unanikimbia kwa hasira. Wangu ananyang'anya, hamwachii mtu kitu. Mlezi anamfundisha kusema naomba. Nyumbani tunaimba naomba mpaka tumechoka."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa nimemkwepa mwanamke aliyebeba aibu ileile, wala sikuwahi kumuuliza mkono wa mwanawe unaendeleaje. Nilimuuliza sasa, nimechelewa hivyo. Alimgeuza mtoto aliyelala, akapandisha mkono wa sweta, akanionyesha. Palikuwa pamepona, ngozi imebaki nyeusi kidogo. Binti yangu, aliyekuwa akinisubiri mlangoni, alisogea, akapagusa kwa kidole, halafu akaniangalia mimi.